Mpira wa Kurudisha Oili ya Tabo



Barua ya wiki hii imetoka Makambako. Ndugu aliyeiandika ana lori la tani saba linaloleta viazi Dar es Salaam, na kwa kifupi anasema hivi: katika muda wa miezi mitano gari lake limefungwa tabo tatu. Ile ya kwanza, iliyokuja na gari, haikuwa na tatizo. Kilichoharibika ni bomba la chuma linalotoa oili kwenye tabo na kuirudisha kwenye injini, ambalo lilipasuka. Fundi akaliondoa, akaweka mpira badala yake. Tangu siku hiyo gari linatoa moshi wa buluu, linakunywa oili, na kila anayelitazama anasema tabo imekufa. Amekwisha kugombana na muuza spea, maana anaamini ameuziwa tabo bandia mara mbili. Sasa anataka kukopa anunue nyingine, na ananiuliza ni duka gani linauza tabo halisi.

Sikumtajia duka. Nilimwomba aniarifu lori litakapofika mjini, na Jumamosi moja asubuhi nikalikuta Mabibo likishusha magunia. Kabini ikainuliwa, nikamulika kwa tochi. Nitawasimulia nilichokiona, lakini hakitaeleweka kwa msikilizaji asiyejua oili inafanya nini ndani ya kile kidude. Kwa hiyo tuanzie hapo.

Tabochaja, ambayo mafundi wetu wameifupisha kuwa tabo, ni pangaboi mbili ndogo zilizofungwa kwenye shafti moja. Moja inasukumwa na moshi unaotoka kwenye injini. Ikizunguka, inaizungusha na mwenzake wa upande wa pili, ambaye kazi yake ni kuvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi zaidi huweza kuungua vizuri, na gari likapata nguvu bila kuongezewa ukubwa wa injini. Wazo hili si la jana. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alilisajili mwaka 1905, na mwaka 1954 kampuni ya Volvo ikatoa lori lake la Titan Turbo. Leo ni vigumu kukuta lori au basi la masafa marefu lisilo na tabo.

Sasa fikirini mwendo wa shafti hiyo. Injini ya lori inayopanda mlima huzunguka mara 2,000 hivi kwa dakika. Shafti ya tabo, wakati uleule, huweza kufika mara 100,000. Katika tabo nyingi hakuna beringi za gololi kama zile za gurudumu. Kuna bushi tu, na kati ya bushi na shafti upo upenyo ambao haupiti sana unene wa unywele. Upenyo huo umejaa oili, na shafti inaelea juu ya oili hiyo bila kugusa chuma. Oili ikikosekana kwa sekunde chache, chuma hukutana na chuma, na tabo imekwisha.

Mafundi wetu wanalijua hilo, na ndiyo maana huliangalia sana bomba la kuleta oili. Hilo ni jembamba, upana wake wa ndani milimeta 4 au 6 hivi, na oili inayopita humo inasukumwa na pampu kwa nguvu ya pauni 40 hadi 60, yaani kuzidi upepo wa tairi la gari dogo. Linaweza kupanda, kushuka, kupinda kona hata tano, na oili itafika tu.

Bomba la kurudisha ni jambo jingine kabisa. Oili ikishapita kwenye bushi inakuwa imepoteza nguvu yote ya pampu. Inadondoka ndani ya kifuko cha katikati ya tabo, na kutoka hapo hakuna kinachoisukuma. Inarudi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa uzito wake yenyewe, kama maji ya mvua kwenye mlizamu. Na haitoki ikiwa oili tupu. Imepigwapigwa na shafti na kuchanganyika na hewa na moshi kidogo unaopenya, kwa hiyo hushuka ikiwa povu. Kikombe kimoja kilichoingia kinataka nafasi kubwa kuliko ya kikombe wakati wa kutoka. Ndiyo sababu bomba la kurudisha ni nene: magari madogo huwa na milimeta 12 hadi 16 kwa ndani, na malori 19 na kuzidi. Ukiyaona mabomba hayo mawili pamoja, jembamba la kuingizia na nene la kutolea, unaweza kudhani mtengenezaji alikosea. Hakukosea.

Kuna kitu kingine ambacho hata mafundi wa miaka mingi hawakiweki akilini. Watu husema sili za tabo zimekufa. Ndani ya tabo hakuna sili za raba kama za pampu ya maji. Kuna ringi ndogo za chuma, ndugu wa ringi za pistoni, zilizokaa kwenye mifereji ya shafti kila upande. Ringi hizo zinazuia hewa na moshi visiingie kwa wingi katikati, na zinaweza kuzuia matone ya oili yanayoruka. Hazikutengenezwa kuzuia oili iliyojaa. Kifuko cha katikati kikijaa kwa sababu njia ya kutokea imebanwa, oili itazifunika ringi na kupita kushoto na kulia, hata kama tabo ilitoka kwenye boksi asubuhi hiyo. Inayopita upande wa ekzosi inaungua na kuwa moshi wa buluu. Inayopita upande wa hewa inakwenda kulala kwenye interkula na mabomba yake, kisha inaingia kwenye injini. Injini ya dizeli haichagui. Oili ikiwa nyingi, itaiunguza kama dizeli, itapiga kelele na kupandisha mwendo yenyewe, na ukizima ufunguo haizimiki. Aliyewahi kusimama karibu na injini ya namna hiyo hasahau.

Basi nilipouona moshi wa lori la Makambako sikuitazama tabo kwanza. Nilifuata mpira.

Fundi hakuwa mjinga, na sitaki asikilizwe hivyo. Bomba la chuma lilikuwa limepasuka penye mshono wa flanji, na mpira unayo sifa ambayo chuma hakina. Tabo imening'inia kwenye manifodi, ambayo hupata moto mkali na kutanuka. Sampu na bloku ziko chini, hazitanuki kwa kiasi kilekile. Bomba gumu lililofungwa huku na huku linavutwa kila injini inapopata moto na kila inapopoa, na juu ya hilo kuna mtikisiko wa barabara. Injini nyingi hutoka kiwandani zikiwa na kipande cha mpira katikati ya vipande viwili vya bomba kwa sababu hiyohiyo. Cummins 6BT ni mojawapo. Kwa hiyo kubadilisha bomba gumu kwa mpira si dhambi. Hata hivyo, kabla ya kubadilisha ni lazima kuuliza bomba lilipasuka kwa nini. Mara nyingi utakuta mkono uliokuwa ukilishikilia kwenye bloku ulitolewa siku ya ovahoo na haukurudishwa, au bolti za manifodi zimelegea, au bomba lilivutwa kwa spana ili matundu yakutane. Ukiacha sababu hiyo, utakuwa umeuhamishia mpira ugonjwa uleule.

Nilichokiona Mabibo ni hiki. Mpira ulikuwa mrefu karibu mara mbili ya bomba la zamani. Nilimuuliza fundi kwa simu, akaniambia, "Mzee, niliuacha mrefu usije ukavutwa." Kwa nia hiyo nzuri mpira ulishuka kutoka kwenye tabo, ukapita chini ya tundu la kuingilia kwenye bloku, kisha ukapanda tena kulifikia. Mmeona bomba lililopinda chini ya sinki la jikoni, ambalo maji hukaa ndani yake daima ili harufu isipande? Hicho ndicho kilichotengenezwa. Kwenye lile pindo oili ilikuwa imetuama saa zote, na oili mpya kutoka kwenye tabo ililazimika kusubiri mpaka iisukume ile iliyotangulia kupanda mlima. Povu halina uzito wa kusukuma kitu.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kutoka tabo hadi injini njia iteremke tu, isipande hata kwa upana wa kidole. Iwe karibu na wima iwezekanavyo, na isilale kuzidi nyuzi 30 au 35 hivi kutoka wima. Iingie mahali palipo juu ya usawa wa oili ndani ya sampu, maana ikiingia chini ya usawa huo oili haina pa kwenda. Kwa sababu hiyohiyo anayejaza oili kupita alama ya kijiti anaweza kuleta moshi wa tabo kwa mkono wake. Vilevile injini iliyochoka ringi za pistoni hujaza hewa kwenye sampu, na hewa hiyo hupanda kwa njia ileile ambayo oili inataka kushukia. Brida ikiziba, mambo huwa hayohayo. Lori hili kwa bahati halikuwa na ugonjwa huo: tulifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikinguruma taratibu, na pumzi iliyotoka ilikuwa ndogo.

Tukaukata mpira. Ulikuwa mpira wa rejeta.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea. Dukani mipira yote ni myeusi na yote ni minene. Mpira wa rejeta umetengenezwa kwa maji ya moto. Raba yake, ambayo viwandani huitwa EPDM, huvumilia maji yanayochemka kwa miaka mingi, lakini ikikutana na oili ya injini huinywa, ikavimba na kulainika. Miaka ya nyuma nilifanya jaribio nyumbani, na mke wangu hakupendezwa kwa kuwa nilichukua makopo yake. Nilikata vipande viwili vya urefu sawa, kimoja cha mpira wa rejeta na kimoja cha mpira ulioandikwa kuwa ni wa oili, nikavipima kwa rula na kuviacha ndani ya oili chafu juani wiki mbili. Cha oili kilitoka kama kilivyoingia. Cha rejeta kilikuwa kimenenepa waziwazi, na ukikikwaruza kwa ukucha kinamomonyoka. Msikilizaji yeyote anaweza kulifanya jaribio hilo kabla ya kumkabidhi fundi mpira asioujua.

Ule wa lori la Makambako ulikuwa umefanya kazi miezi mitano kwenye moto. Tundu lake lilikuwa limesinyaa, na tabaka la ndani limebanduka likining'inia kama ganda la kitunguu. Tuliushika katika umbo lake la garini tukamimina kikombe cha oili upande wa juu. Ilitoka kwa matone. Mwenye lori alichuchumaa akaangalia matone yale bila kusema neno, kisha akasema, "Kwa hiyo, mzee, yule muuza spea nilimtukana bure?"

Nilimwambia asubiri tuitazame na tabo yenyewe.

Mpira wa oili wa kawaida, wenye raba ya nitraili, unaivumilia oili vizuri, lakini haupendi joto kali. Ukikaa muda mrefu kwenye joto la kuzidi nyuzi 100 hukauka na kupasuka, na oili inayotoka kwenye tabo iliyofanya kazi nzito huweza kupita hapo. Raba ya fluoro, inayojulikana zaidi kwa jina la Viton, hustahimili oili na huvumilia nyuzi 200 hivi. Hiyo ndiyo ya kutafuta, au mpira wenye ngozi ya ndani ya Teflon uliofunikwa na waya zilizosukwa. Ile mipira ya silikoni ya rangi ya buluu inayong'aa inawapendeza vijana, lakini imetengenezwa kupitisha hewa ya interkula. Oili huipenya taratibu mpaka inatoka jasho kwa nje, isipokuwa ile iliyowekewa ngozi ya fluoro kwa ndani.

Na mpira wa haidroliki? Muuzaji atakuambia huu unabeba pauni 3,000. Nguvu hiyo haina kazi hapa, kwani njia hii haina shinikizo la kutajwa. Raba yake ya ndani aghalabu ni nitraili ileile, na vile vichwa vya chuma vinavyobanwa kwenye ncha zake huwa na tundu dogo kuliko mpira wenyewe. Unaweza kununua mpira wa milimeta 19 ukapata njia ya 14. Aidha ni mgumu, haukubali kupinda penye nafasi ndogo, na ukilazimishwa unakunjika.

Kulikuwa na makosa mengine mawili, madogo kwa macho. Flanji ya tabo ilikuwa imepakwa gamu ya silikoni badala ya gasketi, na gamu iliyozidi ilikuwa imebanwa kwa ndani ikaziba karibu robo ya tundu. Weka gasketi ya karatasi au ya chuma, yenye tundu linalolingana na flanji, basi. Upande wa chini mpira ulikuwa umefungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Tyubu ni mwokozi wa safari nyingi, lakini sehemu ile iko jirani na manifodi. Lori lenye mzigo likipanda Kitonga, moshi unaoingia kwenye tabo huweza kuzidi nyuzi 600, na oili ya injini huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye nyuzi 200 na kitu. Mpira ukichomoka hapo, oili inamwagika juu ya chuma cha moto, na dereva aliye juu kwenye kabini hajui mpaka aone moshi. Kama ni basi, nyuma yake wamekaa watu hamsini.

Tulivyolitengeneza ni hivi. Lile bomba la chuma lililopasuka lilikuwa bado limetupwa nyuma ya kiti. Tukalikata, tukabaki na kipande cha juu chenye flanji na kipande cha chini kinachoingia kwenye bloku, mchomeleaji akaziba ufa na kuzizungushia ncha zote mbili ukingo mdogo uliovimba ili mpira usiteleze. Kwa namna hiyo chuma kinabaki karibu na moto, na mpira unakaa katikati tu, sentimeta 12 hivi, penye joto nafuu, ukishuka moja kwa moja. Klipu za skrubu mbili, zilizokazwa bila kuikata raba. Kati ya mpira na manifodi tukaweka bati dogo la kukinga joto, na mkono wa kushikilia bomba ukarudishwa kwenye bolti yake. Vipande vilioshwa kabla ya kufungwa, maana chenga moja ya kuchomelea ikifika kwenye sampu ina safari yake.

Tabo ya tatu tuliifungua na kuijaribu kwa vidole. Shafti ilizunguka kwa wepesi, haikugusa ukuta, wala haikuchezacheza kwenda mbele na nyuma. Ilikuwa nzima. Interkula tuliiondoa tukamwaga oili iliyolala ndani, zaidi ya nusu lita, ili isije ikaingia kwenye injini kwa mkupuo. Kisha tukatia oili safi kwenye tundu la juu la tabo, tukaizungusha kwa mkono, na injini ikazungushwa kwa starta bila kuwaka mpaka taa ya oili ikazimika. Ndipo ikawashwa, ikaachwa taratibu dakika chache. Dereva naye aliagizwa asizime gari mara tu anapomaliza mlima. Aliache lingurume dakika tatu ili oili inayopita iipoze shafti, la sivyo ile inayobaki ndani huungua na kuganda kama masizi. Klipu zikazwe tena baada ya safari ya kwanza.

Moshi haukuisha siku hiyo, na mwenye lori alipatwa na wasiwasi. Nilimweleza kwamba oili iliyokwisha kuingia kwenye ekzosi ni lazima iungue yote. Alinipigia simu baada ya siku nne akiwa Mafinga. Moshi ulikwisha Morogoro, na kijiti cha oili hakikushuka. Alikuwa amempitia muuza spea akamwomba radhi, na yule bwana alikubali, ingawa alimkumbusha kila neno alilotukanwa.

Tabo ya pili ilikuwa bado iko uani kwake, imefunikwa gunia. Aliponiuliza kuhusu ya kwanza nikamwambia aitafute, huenda nayo ni nzima. Akacheka kwa uchungu. Alikuwa amemwachia fundi kama chuma chakavu, na kwa habari alizopata inafanya kazi kwenye lori jingine la mbao, njia ya Njombe, bila tatizo lolote.